Nyasi za Rukwa na Mkono wa Serikali

Mkoa wa Rukwa ulitimiza nusu karne mwaka 2024, nao katika maadhimisho ya namna hiyo aghalabu husifiwa mahindi, barabara na shule, ilhali nyasi, ambazo ndizo zilizoilisha nchi ya Ufipa tangu zama za kale, hazipati msemaji. Mfipa hakuzidharau kamwe. Mvua zilipokaribia kwisha alizifukia chini ya matuta ya duara, akapanda maharagwe juu yake, na msimu uliofuata akalitawanya tuta lililokwisha kuoza, akasia ulezi.

Nyasi hizo na mifugo izilayo zimepatwa pia na maafa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki nzima. Lakini balaa lililozitia serikali katika gharama kubwa lilikuwa la nzige wekundu, walioanza kuenea mnamo 1930 na wasikome hadi 1944, baada ya kulifunika eneo kubwa la Afrika kusini mwa ikweta. Wataalamu walipotafuta asili yao waliikuta katika mbuga chache zinazofurika maji, mojawapo Mweru wa Ntipa, katika Zambia ya leo, na nyingine bonde la Rukwa, ambako ziwa lisilo na mlango wa kutolea maji hupanda na kushuka, likiacha majani mabichi ambamo tunutu, kabla ya kuota mbawa, hutembea makundi kwa makundi wakitafuna kila unyasi mbele yao.

Ndipo likazuka suala la nani agharamie, maadamu nzige huzaliwa kwa mmoja na kula shamba la mwingine. Jawabu lilipatikana London tarehe 22 Februari 1949, ulipotiwa sahihi mkataba uliozishirikisha Uingereza, Ubelgiji na Afrika Kusini, na makao ya shirika la kuwaangamiza nzige yakawekwa Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Zikamwagwa pumba zenye sumu, kisha zikaja ndege za kunyunyiza dawa; na tangu 1971 kazi hiyo imeendelezwa na shirika lenye makao yake Ndola. Nailaumu kwa jambo moja tu kazi hiyo njema: hazina zilifunguliwa ili kuyaokoa mashamba ya mbali, na mkataba haukumwekea fungu mfugaji ambaye malisho yake yaliliwa kwanza.

Hata baada ya uhuru dhana hiyo ya kuyasahau malisho haikubadilika sana. Ukame wa 2008 na 2009 ulipoteketeza mifugo ya Longido, Monduli na Ngorongoro, Serikali ya Rais Kikwete iliwapa waliofilisika ng'ombe wa kuanzia upya, jambo la kusifiwa, ila lilifanyika mizoga ikiwa imekwisha kuoza. Kadhalika kanuni za 2011 humpa kifuta jasho mkulima ambaye mazao yake yameliwa na wanyamapori. Malisho yaliyoteketezwa na jua hayana mahali humo.

Jirani zetu Wakenya wametangulia. Bima ya malisho ilianzia Marsabit mwaka 2010, na tangu 2015 serikali yao ikawalipia ada wafugaji wa Wajir na Turkana, kisha wa kaunti nyingine. Setilaiti hupima ukijani wa nyanda, na malisho yakipungua kupita kiasi kilichowekwa, fedha hutolewa ili mfugaji anunue majani na maji ng'ombe angali hai. Marekani nayo ina sheria ya 2008, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2014, inayomfidia mfugaji sehemu ya gharama ya chakula cha mifugo ukame unapomharibia malisho.

Sisi tunayo Sheria ya Maeneo ya Malisho ya 2010 na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Wabunge wa Rukwa na waombe kanuni itakayoyahesabu malisho yaliyopotea kuwa maafa kamili, na upimaji uanzie bonde la Rukwa, ambako Wafipa na Wasukuma waliohamia na makundi yao wanagombea nyasi zile zile kila kiangazi.