Kidonge cha Basel na Watoto 92

Kabla ya mwaka 2002, daktari wa watoto aliyesubiri majibu ya maabara ya mgonjwa mwenye saratani ya damu alikuwa na neno moja ambalo hakupenda kulikuta kwenye karatasi: Philadelphia. Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi, ile inayoanzia kwenye seli changa za limfosaiti, wakati huo ilikuwa ikitibika, na walio wengi walipona. Lakini katika kila watoto 100 waliougua, watatu hadi watano hivi walikutwa na kromosomu ya Philadelphia. Kwa hao, dawa zilezile zilizowaponya wenzao mara nyingi hazikufua dafu.

Kromosomu hiyo imebeba jina la mji ilikogunduliwa mwaka 1960. Peter Nowell na David Hungerford walikuwa wakichunguza saratani nyingine ya damu, ya watu wazima, inayokwenda polepole, wakaona kromosomu moja ni fupi kupita kawaida. Kipande kilichokosekana kilikwenda wapi? Jibu lilichukua miaka 13. Janet Rowley wa Chicago alizikata picha za kromosomu na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, huku wanawe wakimtania kwamba mama analipwa kuchezea wanasesere wa karatasi. Mwaka 1973 alionyesha kuwa kromosomu namba 9 na namba 22 zilikuwa zimebadilishana vipande.

Vipande hivyo vinapoungana huzaliwa jeni isiyostahili kuwepo, nayo hutengeneza protini inayoiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Ni swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Mjini Basel, Uswisi, Nicholas Lydon na Jürg Zimmermann wa kampuni ya Ciba-Geigy walitafuta molekuli ya kuziba kishimo ambamo protini hiyo hupatia nishati yake. Brian Druker, daktari wa Portland, Oregon, aliipima kwenye seli za wagonjwa, kisha akang'ang'ania ifike kwa wagonjwa wenyewe. Majaribio yakaanza Juni 1998, na Mei 2001 Marekani ikaidhinisha imatinib, inayojulikana madukani kama Glivec au Gleevec.

Sifa zote zilikwenda kwa ile saratani ya polepole, ambayo kidonge peke yake kiliweza kuidhibiti kwa miaka. Kwenye saratani kali yenye kromosomu hiyohiyo mambo yalikuwa tofauti: seli zilipungua haraka, na baada ya miezi ugonjwa ukarudi. Basi mtoto asingeweza kupewa kidonge tu. Ilibidi kiongezwe juu ya mzigo wa tibakemikali, yaani kemo, ambao tayari ulikuwa mzito, na hakuna aliyejua kama ini na damu ya mtoto vingestahimili vyote kwa pamoja.

Hapo ndipo ilipo sehemu ya historia hii inayosimuliwa mara chache, na kwangu inashinda hata ugunduzi wa dawa. Kwa kawaida wagonjwa hugawanywa kwa kura: hawa wapewe dawa mpya, wale wabaki na ya zamani. Kwa ugonjwa adimu kiasi hiki wangetoka wapi? Muungano wa hospitali unaoitwa Children's Oncology Group, kwa uongozi wa Kirk Schultz wa Vancouver, Kanada, ulianza kazi Oktoba 2002, na kwa miaka minne ukapata watoto na vijana 92 tu.

Wakaamua kupanda ngazi. Kundi la kwanza, watoto saba, walipewa imatinib kwa siku 42 tu katikati ya mizunguko ya kemo. Ilipoonekana hawakudhurika, kundi lililofuata likapewa siku 63, kisha 84, kisha 126. Kundi la tano, lenye wagonjwa 50, likaimeza siku 280 mfululizo. Dozi ilipimwa kwa ukubwa wa mwili, na kwa asiyeweza kumeza, kidonge huyeyushwa kwenye maji au juisi ya tufaha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika kundi la tano, asilimia 80 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka mitatu. Watoto wa zamani, kabla ya imatinib, walikuwa asilimia 35. Mtu makini atauliza: kulinganisha watoto wa leo na wa jana ni haki? Swali ni halali, na walipofuatiliwa hadi miaka mitano, waliotibiwa kwa kemo na kidonge walikuwa wameshuka hadi asilimia 70 hivi. Hata hivyo pengo lilikuwa kubwa mno kuitwa bahati. Na waliopandikizwa uboho wa ndugu, tiba iliyokuwa kimbilio la kwanza, hawakuwashinda wenzao wa kidonge na kemo. Kwa familia ambazo mtoto mgonjwa hakuwa na ndugu wa kufanana naye, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Idhini ya kuitumia kwa watoto hawa ilitolewa Marekani Januari 2013. Kura nayo ikaja kupigwa China, nchi yenye watoto wa kutosha: wagonjwa 189 waligawanywa kati ya imatinib na mdogo wake, dasatinib, inayofika kwenye ubongo vizuri zaidi. Majibu yalitoka mwaka 2020: waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 71 kwa dasatinib na 49 kwa imatinib, baada ya miaka minne.

Mwaka 2017 hospitali za Amerika Kaskazini na Ulaya zilianza jaribio la pamoja lenye swali la kinyume: kwa watoto ambao ugonjwa wao umeitikia tiba vizuri, kemo inaweza kupunguzwa kiasi gani huku kidonge kikiendelea?