Pigo Lisilopiga: Samaki, Neno na Mfasiri

Ndugu msomaji, makala haya yametokana na aibu. Mpwa wangu, mtoto wa darasa la sita, alikuwa anacheza gemu ya Pokémon akaniuliza maana ya neno la Kiingereza Splash, lililoandikwa karibu na picha ya samaki mwekundu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu wa chuo kikuu: "Ni kurusha maji." Akatazama kioo, akanitazama na mimi. "Sasa anko, maji yenyewe yako wapi? Mbona anaruka tu?" Nikamwambia aache usumbufu. Kumbe mtoto alikuwa anahakiki matini, mimi nilikuwa nasoma kamusi.

Nia yangu hapa ni kueleza historia ya pigo hilo moja, na kuonesha kwamba waliolicheka kwa miaka mingi, mimi nikiwemo, walikuwa wanaicheka tafsiri. Najua wapo watakaouliza: jamani, gemu za watoto zimeingiaje kwenye jarida la uhakiki? Jibu langu ni fupi. Penye wahusika, msuko wa matukio na lugha, mhakiki ana kazi. Na penye tafsiri ana kazi mara mbili.

Tuanze na historia. Pokémon ilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kwa ajili ya mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo iitwayo Game Boy. Waliotengeneza ni kampuni ya Game Freak, chini ya uongozi wa Satoshi Tajiri. Mchezaji hukamata viumbe, huwafuga, huwapambanisha. Viumbe vya mwanzo vilikuwa 151 na mapigo yalikuwa 165, na kila kiumbe huruhusiwa kubeba mapigo manne tu. Mengi hujeruhi, mengine hulaza usingizi au hutia sumu. Lakini limo moja ambalo halifanyi kitu. Kiumbe akilitumia, maandishi hutokea kuarifu kwamba hakuna matokeo, na zamu yake imeshapita. Kwa Kijapani pigo hili linaitwa Haneru. Toleo la Kiingereza lilipotoka Marekani mwaka 1998, likaitwa Splash.

Mwenye pigo hilo ni samaki Magikarp. Mapema katika safari, mchezaji hukutana na mzee anayemuuzia samaki huyo kwa fedha 500 za mle ndani ya gemu, akimsifia kweli kweli. Mnunuzi akifika vitani anagundua ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Samaki hajui jingine ila kuruka. Anapigwa, anaruka; anapigwa tena, anaruka. Nafasi zake za kuruka ni 40. Zikiisha kabla hajajifunza pigo jingine, gemu humlazimisha kutumia pigo la mwisho la kukata tamaa, ambalo humuumiza hata yeye mwenyewe.

Hapo wengi huishia kucheka. Lakini hebu tufuatilie msuko. Samaki huyo akifika daraja la 20 anageuka kuwa Gyarados, nyoka mkubwa wa majini ambaye ni miongoni mwa viumbe wa kutisha katika gemu nzima. Kufika huko kunahitaji pointi 10,000 za uzoefu, na yeye mwenyewe hana uwezo wa kuzichuma. Katika matoleo yale ya kwanza, njia ya kawaida ilikuwa kumtoa mbele vitani kisha kumrudisha haraka, mwenzake akampigania, wakagawana pointi. Yaani mchezaji anabeba mzigo usiomfaa, vita baada ya vita, kwa imani tu. Fanani yeyote wa hadithi zetu angeitambua mbinu hii: mhusika anayedharauliwa mwanzoni ndiye anayefungua fumbo mwishoni.

Mbinu hiyo haikuzuka hewani. Kuna ngano ya kale ya Kichina juu ya samaki wa maji baridi, ambaye Wajapani humwita koi, anayepanda Mto Manjano dhidi ya mkondo. Afikapo penye maporomoko yaitwayo Lango la Joka, akifaulu kuruka juu yake anageuka kuwa joka. Wachina waliitumia ngano hiyo kumsifu aliyefaulu mitihani ya utumishi wa dola. Mwanafunzi aliyeshinda alisemwa ameruka Lango la Joka. Japani nako iliota mizizi, na hadi leo familia hutundika bendera zenye umbo la koi kwa ajili ya Siku ya Watoto, tarehe 5 Mei, kuwaombea watoto nguvu na ustahimilivu. Jina la Kijapani la samaki wetu ni Koiking, yaani mfalme wa koi.

Sasa turudi kwenye neno. Haneru maana yake ni kuruka, kurukaruka. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, samaki wa Kijapani hapotezi muda: anafanya mazoezi ya tendo lile lile ambalo kwenye ngano humgeuza joka. Msomaji wa Kijapani anaweza kuiona ngano ndani ya kitenzi. Msomaji wa Kiingereza anasikia chubwi, basi. Wazungu wengine walifuata njia hiyo hiyo ya maji: Wafaransa wakaliita Trempette, yaani kujichovya kidogo, na Wajerumani Platscher, mlio wa maji.

Nisimwonee mfasiri. Mwaka 1998 mbele yake palikuwa na samaki, na samaki ni wa majini. Lakini gemu yenyewe ilikuwa na ushahidi tangu mwanzo. Kila pigo lina aina yake: la moto, la maji, la umeme na kadhalika. Hili la samaki halikuwekwa katika aina ya maji. Liliwekwa katika aina ya kawaida. Mwaka 1999 katika toleo la Kijapani akaja Hoppip, mmea mwepesi unaopeperushwa na upepo, naye ana Haneru. Mwaka 2002 akaja Spoink, nguruwe mwenye mkia kama springi, ambaye maelezo yake yanasema akiacha kuruka moyo wake utasimama. Huyo naye anarusha maji gani? Kisha mwaka 2006 likaongezwa pigo la kuzidisha nguvu ya uvutano, ambalo huzuia mapigo ya kuruka angani na mateke ya kuruka. Katika orodha ya yanayozuiwa limo pia pigo la samaki wetu. Gemu yenyewe imetoa hukumu: hili ni tendo la miguu isiyokuwepo, si la maji.

Je, sisi tungelitafsirije? Hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha. Kutapatapa kunavutia, maana wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, lakini neno hilo ningelitunzia lile pigo la mwisho la kukata tamaa. Haneru ningeiita Kuruka. Gyarados ni wa aina mbili, maji na ile ya viumbe warukao angani, na kitenzi chetu kuruka kinabeba maana zote mbili: aliyetoka ardhini kidogo na aliye angani kama ndege. Samaki anaruka mpaka siku anapata kuruka. Kiingereza kinahitaji vitenzi viwili kusema hivyo.

Historia ya pigo ina kituko kimoja zaidi. Katika matoleo ya mwaka 2016 iliongezwa nguvu ya pekee ambayo kila mchezaji aliweza kuitumia mara moja tu katika pambano. Pigo la samaki lilipotiwa nguvu hiyo lilimwongezea mrukaji uwezo wa kushambulia kwa hatua tatu kwa mpigo. Baada ya miaka 20, kuruka kukazaa kitu. Matoleo ya mwaka 2019 yakaiondoa nguvu hiyo, samaki akabaki na kuruka kwake kule kule kwa zamani.

Wenzangu, hili si suala la gemu tu. Darasani tunasoma tamthilia za Kigiriki na riwaya za Kirusi kwa Kiingereza, kisha tunahakiki "uteuzi wa maneno wa mwandishi" kana kwamba maneno yale ni yake. Mara ngapi tumemhukumu mwandishi kwa kosa la aliyemleta? Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Kama yeye hakuona aibu kurudi nyuma na kusahihisha, mimi ni nani?

Nimemrudia mpwa wangu, nikamwambia alikuwa sahihi. Anayeona kwamba mimi nami sasa natapatapa, kurasa za jarida hili ziko wazi.