Unix Toleo la Saba: Kusakinisha Mfumo wa Mwaka 1979 Katika Mashine Isiyokuwapo

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski na programu nyingine zote za kompyuta, ukitenganishwa na mashine ulioandikiwa hubaki rundo la tarakimu zisizoweza kutenda lolote, na hiyo ndiyo ingekuwa hali ya Toleo la Saba la Unix, lililotolewa na maabara ya Bell Labs ya Marekani mwezi Januari 1979, kama isingepatikana njia ya kuiigiza kompyuta ya PDP-11 ndani ya kompyuta nyingine.

PDP-11, ambayo kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Massachusetts ilianza kuiuza mwaka 1970, ilikuwa mashine ya biti 16, ndogo kwa vipimo vya wakati wake ingawa ilijaza kabati zima. Ken Thompson alikuwa ameianza Unix mwaka 1969 kwenye PDP-7, mashine iliyokuwa imekwisha kuzeeka, kisha yeye na Dennis Ritchie wakaihamishia kwenye PDP-11, na mwaka 1973 sehemu kubwa ya kiini chake ikaandikwa upya kwa lugha ya C aliyoibuni Ritchie. AT&T, kampuni mama ya Bell Labs, ilifungwa na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani yaliyoizuia kujiingiza katika biashara iliyo nje ya mawasiliano, kwa hiyo vyuo vikuu vilipewa Unix kwa ada ndogo bila ahadi yoyote ya huduma ya ufundi. Aliyepokea utepe wa sumaku hakuwa na wa kumpigia simu. Ilimbidi ategemee utepe wenyewe pamoja na mwongozo mfupi wa usakinishaji ulioandikwa na Charles Haley na Ritchie. Upungufu huo wa huduma ndio uliouokoa mfumo, kwa kuwa kilichoandikwa kwa ajili ya mtu asiye na msaidizi mwaka 1979 kinamtosha pia mtu aliye peke yake leo.

Mashine inayoigizwa mara nyingi hutokana na SIMH, programu aliyoianza mwaka 1993 Bob Supnik, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Digital Equipment Corporation. SIMH husoma kila agizo lililokusudiwa PDP-11 na kutenda kile ambacho saketi zake zingetenda, huku faili za kawaida zikishika nafasi ya utepe na diski, hata diski ya RP06 iliyohifadhi takriban megabaiti 176 katika kifaa kinacholingana na mashine ya kufulia nguo. Si jambo la kupuuzwa kwamba SIMH yenyewe imeandikwa kwa C, lugha iliyokulia kwenye PDP-11, hivyo mtoto amerudi kumbeba mzazi.

Usakinishaji huanza kwa kumwambia mwigizaji huyo kwamba kichakataji ni cha modeli ya 11/45 au 11/70, kwa sababu Toleo la Saba linahitaji mashine inayotenganisha anwani za maagizo na anwani za data, na kila upande hupata kilobaiti 64 tu. Utepe huunganishwa kisha amri ya kuwasha hutolewa, na hapo mwendeshaji wa leo huepuka kazi ambayo mwenzake wa zamani asiye na kifaa cha kuwashia hakuikwepa, yaani kuingiza programu fupi ya kusomea utepe, neno baada ya neno, kwa kubonyeza swichi zilizo mbele ya mashine. Baada ya alama ya nuktapacha kutokea huandikwa tm(0,3), maana yake faili namba 3 ya utepe ulio kwenye kiendeshi namba 0, ambayo ni programu ya kuunda mfumo wa faili; huelekezwa kwenye diski na kupewa ukubwa wa bloku 5,000 za baiti 512, yaani karibu megabaiti mbili na nusu. Hufuata faili namba 4, programu ya kurejesha, ambayo huchukua yaliyomo katika faili namba 5 na kuyamwaga kwenye diski, lakini kwanza humwonya mwendeshaji kwamba hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho kabla diski haijachorwachorwa. Onyo hilo lina utani wa wahandisi waliowaandikia wahandisi wenzao, na ni vigumu kulifikiria katika programu ya kibiashara ya wakati ule.

Baada ya hapo kiini huitwa kwa jina la hptmunix, ambalo lataja aina ya diski na ya utepe ambavyo kiini hicho kinavifahamu, nayo alama ya # hutokea kuonyesha kwamba mfumo unasubiri amri. Hapa wageni wengi hukwama, kwani alama hiyohiyo ya # ikichapwa ndiyo inayofuta herufi iliyotangulia, alama ya @ hufuta mstari mzima, na kitufe cha kufuta husimamisha programu. Mpango huo ulifaa kwa mashine za teletaipu zilizochapa juu ya karatasi, ambako herufi iliyokwisha kuchapwa haikuweza kuondolewa. Na kwa kuwa baadhi yake zilikuwa na herufi kubwa pekee, anayeandika jina lake la kuingilia kwa herufi kubwa huhesabiwa kuwa anatumia mashine ya aina hiyo.

Uhalali wa haya yote ulichelewa. Warren Toomey wa Australia na wenzake walikusanya tepe za zamani katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 kampuni ya SCO, iliyokuwa na haki za Unix, ikakubali kutoa leseni kwa dola 100. Kisha Januari 2002 kampuni ya Caldera, iliyokuwa imezipokea haki hizo kutoka SCO, ikayaachia matoleo hayo ya kale bila malipo.

Anayetaka kujaribu na akumbuke kwamba Toleo la Saba halina amri ya kuzima mashine: kabla ya kumsimamisha mwigizaji sharti aandike sync, ili data iliyobaki kwenye kumbukumbu iandikwe kwenye diski.