Ujazo wa ventrikali na kubinuka kwa vali ya mitrali

Kubinuka kwa vali ya mitrali ni hali ambayo ndimi za vali iliyo kati ya atiria na ventrikali ya kushoto hupanda upande wa atiria moyo unapobana. Katika kipimo cha ekokadiografia, ulimi huhesabiwa umebinuka ukivuka usawa wa pete ya vali kwa zaidi ya milimita 2. Huwapata watu 2 hadi 3 hivi katika kila 100, na wengi wao haiwasumbui.

Ndimi hizo hushikiliwa na nyuzi zilizofungwa kwenye misuli midogo ndani ya ventrikali. Ventrikali ikijaa damu hutanuka, nyuzi zikakazika na ndimi zikatulia mahali pake. Ujazo ukipungua, misuli husogea karibu na vali, lakini nyuzi hubaki na urefu uleule. Ndimi hutuna kama tanga lililolegezewa demani.

Mwaka 1963 John Barlow wa Johannesburg alionyesha kwamba mlio mkavu wa katikati ya mpigo, pamoja na mvumo unaoufuata, hutoka kwenye vali hii. Awali wengi walidhani mlio huo unatoka nje ya moyo. Wakati wa mlio hufuata ujazo. Mgonjwa akisimama, au akijikamua huku amebana pumzi, damu inayorudi moyoni hupungua: mlio huwahi na mvumo hurefuka. Akichuchumaa, damu hurudi kwa wingi na mlio huchelewa. Hii ni ajabu yenye manufaa, kwa kuwa mivumo mingi ya moyo hufifia mtu anaposimama. Daktari mwenye stetoskopu tu, asiye na mashine yoyote, anaweza kuitambua.

Kwa sababu hiyohiyo, upungufu wa maji mwilini unaweza kuibua dalili za kubinuka kwa mtu mwenye vali nzima. Waliokonda kupita kiasi kwa kujinyima chakula nao huwa na ventrikali ndogo kuliko vali yao, na kwa baadhi yao hali hutoweka uzito ukirudi. Ujauzito, unaoongeza damu mwilini, huweza kuuzima mlio.

Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, mara nyingi uko kwenye ndimi zilizonenepa na nyuzi zilizorefuka. Ujazo huamua tu lini na kwa kiasi gani utaonekana. Matokeo ya kipimo kilichofanywa mgonjwa akiwa amepungukiwa maji hayatoshi kumbandika mtu ugonjwa wa moyo. Kirudiwe akishapata maji ya kutosha.