Chumvi ya Uvinza na Barafu ya Mwezini

Munanila imekaa juu ya milima ya Buha, karibu na mpaka wa Burundi na kituo cha Manyovu. Kiha kinachosemwa upande huu na Kirundi cha upande wa pili ni lugha mbili zinazosikilizana bila mkalimani, na hakuna bahari wala jangwa linalowatenga wasemaji wake. Kinachowatenga ni makubaliano ya tarehe 30 Mei 1919 kati ya Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, waliogawana sehemu ya magharibi ya koloni alilonyang'anywa Mjerumani. Ubelgiji haikuketi mezani kwa sababu ya ujuzi wake wa Buha. Iliketi kwa sababu tangu 1916 askari wake walikuwa Kigoma, na hawakuondoka hadi 1921. Aliyekuwa na watu wake mahali ndiye aliyekuwa na neno la kusema juu ya mahali hapo, na wenyeji hawakuulizwa. Nayakumbusha haya kwa sababu mashindano ya leo ya kwenda Mwezini yanaelekea kutumia kanuni hiyo hiyo, ingawa wahusika huapa kwamba hawaitumii. Nchi zilizowahi kugawanywa kwa kanuni hiyo zina haki ya kusema sasa, kabla ya watu kufika na kukaa.

Ukitaka kuelewa kinachogombewa huko juu, anza na Uvinza, chini ya milima hii, pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Hapo pana chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia wamekuta dalili kwamba chumvi imekuwa ikichemshwa hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika karne ya 19, kila kiangazi, watu wa Buha, wa Burundi na wa Unyamwezi walishuka wakapiga kambi, wakachota maji, wakachemsha kwenye vyungu, wakatoa fungu kwa watawala wa Wavinza, kisha wakarudi makwao na chumvi ya kula na ya kubadilishana. Sisemi kwamba ulikuwa utaratibu wa usawa. Watawala wale walinufaika sana, na misafara iliyopita nchi hizi ilitozwa hongo kubwa. Stanley, akielekea Ujiji mwaka 1871, alichoshwa na hongo za Buha hata akaamua kuvuka sehemu ya nchi usiku kwa siri. Kwake yeye ule ulikuwa unyang'anyi, lakini kwa mwenyeji ilikuwa ni haki ya njia, kama ushuru wa forodha wa dola yoyote. Jambo la msingi ni kwamba mgeni hakufukuzwa chemchemini. Alikuja, akachemsha, akalipa fungu, akaondoka, na mwaka uliofuata akaja tena. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ikapewa chemchemi hizo, na haki hiyo ya mgeni ikafifia. Chumvi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kanuni ya nani anaruhusiwa kukaribia.

Mwezini nako mahali pa kugombea ni pachache. Mwezi wenyewe ni mkubwa, lakini sehemu kubwa yake ni vumbi na mawe makavu. Karibu na ncha ya kusini yapo mashimo makubwa ambayo jua halijaingia ndani yake kwa muda mrefu mno, na vipimo vya vyombo kadhaa vinaonyesha kwamba humo mna barafu. Kando yake kuna vilele vinavyopata mwanga wa jua sehemu kubwa ya mwaka. Barafu ni maji ya kunywa, ni oksijeni ya kupumua, na ikitenganishwa ni mafuta ya roketi. Mwanga ni umeme. Penye vyote viwili pamoja ndipo kila mmoja anapotaka. China ilitua upande wa nyuma wa Mwezi Januari 2019, na mwaka 2024 ikaleta duniani karibu kilo mbili za udongo wa upande huo. Agosti 2023 chombo cha Urusi, Luna 25, kilianguka na kuharibika, na siku nne baadaye Chandrayaan-3 cha India kikatua salama karibu na ncha ya kusini. Marekani nayo inataka kurudisha watu huko kwa mpango wake wa Artemis. Hawa wote wanaelekea kwenye chemchemi zile zile.

Sheria ipo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha Mwezi, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kuutumia au kwa kuukalia. Ni maneno mazuri, na yaliandikwa katika miaka ambayo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimetoka tu kwenye ukoloni. Lakini mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria inayowapa raia na kampuni zake haki ya kumiliki kile watakachochimba, na Luxembourg ikafuata mwaka 2017. Makubaliano ya Artemis ya 2020 yakaongeza maeneo ya usalama: anayefanya kazi mahali atangaze eneo linalomzunguka, na wengine washauriane naye kwanza. China na Urusi, zilizotangaza mwaka 2021 mpango wao wa kituo cha Mwezini, zinapinga maneno hayo, lakini kituo chao nacho kitahitaji nafasi ya kuzunguka na kujilinda. Hakuna anayesema kwamba shimo ni lake. Anasema tu usikaribie bila kuzungumza naye. Kwa mtu aliyesoma historia ya mipaka ya Afrika tofauti hiyo ni nyembamba. Masharti ya Berlin ya 1885 kuhusu ukaliaji wa kweli yaliandikwa kwa ajili ya pwani, lakini ndani ya miaka michache mantiki yake ilikuwa imefika hadi kwenye maziwa.

Wapo watakaojibu kwamba Mwezini hakuna watu, kwa hiyo kuufananisha na ukoloni ni kuwadhalilisha waliodhulumiwa kweli. Pingamizi hilo ni zito, na nalikubali nusu. Hakuna kijiji kitakachochomwa Mwezini wala mtu atakayelazimishwa kubeba mizigo. Lakini ukoloni ulikuwa na dhuluma mbili: moja aliyotendewa aliyekuwepo, na nyingine aliyotendewa aliyezuiwa kuja. Mchemsha chumvi kutoka Buha hakuwa mwenyeji wa Uvinza, na bado alipoteza kitu halisi njia ilipofungwa. Dhuluma hiyo ya pili haihitaji wenyeji. Inahitaji tu kitu kichache, watu wengi wanaokihitaji, na mmoja aliyewahi.

Wengine watasema mbio hizi hazituhusu, kwa kuwa hatukuwahi kuwa washiriki. Historia inakataa. Mwaka 1960, Zanzibar ikiwa bado chini ya himaya ya Uingereza, Waingereza waliwaruhusu Wamarekani kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyopokea mawasiliano yake. Chama cha Hizbu na vijana wake walikuwa wamekipinga wakisema ni kituo cha kijeshi, na Wamarekani walikanusha. Ni kweli kwamba pale palikuwa na antena na wala si makombora. Lakini roketi ya Atlas iliyombeba Glenn ilitengenezwa kwanza kuwa kombora la kuvuka mabara, kwa hiyo hofu ya waliokipinga haikuwa ya ujinga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume iliagiza kituo kiondolewe mwezi Aprili, na kazi ikahamia Madagaska, ambako nako kituo kilifungwa mwaka 1975. Kenya nayo ilikuwa na jukwaa la Waitalia baharini Ngomeni, karibu na Malindi, lililorusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, ikiwemo ile iliyopewa jina la Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Jiografia ndiyo iliyoleta wageni hao: dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi ikweta, na anayerusha kutoka huko kuelekea mashariki husaidiwa na kasi hiyo. Ardhi na bahari yetu vilikuwa sehemu ya mbio tangu mwanzo. Sauti yetu ndiyo haikuwemo.

Na je, sauti ya mnyonge hubadilisha chochote? Mwaka 1976 huko Bogotá, Kenya, Uganda na Zaire ziliungana na Kolombia, Ekuador, Indonesia na nchi nyingine za ikweta kutangaza kwamba njia ya setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu yao ni mali yao. Mataifa makubwa hayakukubali, na kisheria dai lenyewe lilikuwa dhaifu; lilikwenda kinyume na mkataba wa 1967 ninaoutetea hapa. Lakini kelele hizo, pamoja na za nchi nyingine maskini, zililazimisha swali lisizikwe. Mwaka 1988 mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipitisha mpango unaoihakikishia kila nchi mwanachama walau nafasi moja katika njia hiyo, hata kama haina setilaiti wala fedha za kuirusha. Waliodai umiliki walikosa umiliki, wakapata fungu.

Sasa hivi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia anga za juu, yenye makao Vienna, ina kikundi kazi kinachojadili kanuni za kutumia rasilimali za Mwezi, na maneno yatakayokubaliwa huko yanaandikwa wakati hakuna hata ndoo moja ya barafu iliyochimbwa. Baadhi ya majirani zetu hawakusubiri. Tarehe 13 Desemba 2022 Rwanda, pamoja na Nigeria, ilitia saini Makubaliano ya Artemis, zikiwa za kwanza barani. Unaweza kuona ni uamuzi mzuri au mbaya, lakini ni uamuzi, na umefanywa na serikali iliyoko Kigali, mji ulio karibu zaidi na Munanila kuliko Dar es Salaam.