Nani Ameshika Ufunguo wa Simu Zetu?

Zamani habari zilifika Kalengera kwa miguu. Mtu alitoka Goma, akapita Kibumba na Rugari, akashuka kuelekea Rutshuru, na kila alipoketi kupumzika aliulizwa: "Habari za huko?" Kama alizitia chumvi, zilitembea na chumvi yake. Lakini hapakuwa na mkubwa ye yote aliyeweza kuwaziba midomo wapita njia wote siku moja. Baadaye yakaja malori, na madereva wakawa ndio wachukuzi wa habari. Tena misheni nyingi zilipata ile redio ya kuongea kwa zamu, ambayo watu waliiita foni, na padri aliweza kuuliza hali ya mgonjwa aliye mbali bila kumtuma mtu.

Leo mama anayeuza maharagwe hapo Kalengera hana haja ya kwenda Goma kuuliza bei. Ananunua mega chache, anamwandikia dada yake aliye sokoni Virunga, na kabla maji ya ugali hayajachemka jibu limekwisha fika. Je, ndugu msomaji, umepata kujiuliza neno lile limepita wapi?

Simu ya mkononi hailitupi neno moja kwa moja mpaka kwa mwenzio. Neno laenda kwanza kwenye mnara ulio kilimani. Mnara walipeleka kwenye mitambo ya kampuni. Na mitambo ndiyo inayolituma tena mpaka linapotakiwa, hata ng'ambo ya bahari. Mamilioni ya watu wanaongea, lakini milango wanayopitia ni michache sana. Katika Kongo milango mikubwa ni ya kampuni nne: Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Kampuni hizo zina fedha nyingi kuliko wilaya nzima. Hata hivyo kila moja yafanya kazi kwa leseni ya Serikali. Leseni ikiondolewa, minara yote ni vyuma tu. Basi mtu akitaka kunyamazisha nchi nzima, hahitaji askari wa kusimama njiani. Barua moja kwa kila kampuni yatosha.

Uwezo huo uliandikwa katika sheria. Sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya simu, kifungu cha 46, iliiruhusu Serikali kukataza matumizi ya simu, yote au sehemu, kwa muda inaoutaka yenyewe: kwa ajili ya usalama, kwa ulinzi wa nchi, kwa utulivu wa watu, au kwa sababu nyingine yo yote. (Maneno hayo ya mwisho hunishangaza kila niyasomapo. Kama sababu yo yote inatosha, kwa nini walijisumbua kuzitaja zile nyingine?)

Kwa miaka kadhaa kifungu kile kilikaa kimya kitabuni. Kikaamka baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011. Kura zilikuwa zinahesabiwa, watu wana wasiwasi, na tarehe 3 Desemba Serikali ikaamuru ujumbe mfupi wa maandishi usimamishwe nchi nzima. Simu ya kuongea ilibaki. Wakubwa walisema wanazuia maneno ya uchochezi. Amri ilidumu hata mwisho wa Desemba, na waliolia kuliko wengine ni viziwi, kwa kuwa kiziwi hawezi kupiga simu ya sauti. Maandishi yale ndiyo yalikuwa masikio yake. Sidhani kama aliyetia sahihi alikuwa amewafikiri.

Mara ya pili ilikuwa Januari 2015. Bunge lilikuwa na sheria mpya ya uchaguzi iliyotaka watu wahesabiwe kwanza nchi nzima, na wengi waliona kwamba hesabu hiyo ingemwongezea Rais Kabila miaka. Tarehe 19 watu waliingia barabarani Kinshasa, kisha Goma na Bukavu. Tarehe 20 intaneti ikakatwa, na ujumbe mfupi pia. Chama cha Human Rights Watch kilihesabu zaidi ya watu 40 waliouawa siku zile, katika Kinshasa na hapa Goma. Mabenki yalirudishiwa intaneti baada ya siku chache, maana fedha hazikubali kungoja. Watu wa kawaida walingoja mpaka Februari. Katika Goma kulikuwa na ujanja wake: walio karibu na mpaka walitia kadi za simu za Rwanda, wakashika mawimbi ya minara ya Gisenyi. Wa Kinshasa walifanya vile vile na minara ya Brazzaville iliyo ng'ambo ya mto. Lakini Kalengera haikupakana na Gisenyi. Mtu wa ndani alikosa njia hiyo, akarudi kuulizana habari na madereva kama siku za babu yake.

Hata hivyo kile kifungu cha kuhesabu watu kiliondolewa Bungeni mwezi ule ule. Ndipo watu walipojifunza kwamba sauti zao zina nguvu, nao watawala walijifunza kwamba simu zinakatika bila shida.

Sasa nafika kwenye habari inayotugusa sisi Wakatoliki zaidi. Muda wa Rais ulimalizika tarehe 19 Desemba 2016, na usiku ule mitandao ya kuonana na kuandikiana ilizuiwa. Maaskofu walifanya kazi ya upatanishi, na tarehe 31 Desemba, siku ya Mtakatifu Silvestri, mapatano yakatiwa sahihi Kinshasa: uchaguzi ufanyike kabla ya mwisho wa 2017. Mwaka ukapita bila uchaguzi. Kumbe katikati yake, mwezi Agosti 2017, ofisi ya Serikali inayosimamia simu iliziandikia kampuni zipunguze uwezo wa kupitisha picha. Maandishi yapite, picha zisipite! Aliyeandika barua ile alijua neno moja la kweli, kwamba picha ya askari anayepiga risasi haina haja ya mfasiri.

Ndipo walei wa Kinshasa, katika kamati iliyoitwa CLC, ambayo kati ya viongozi wake alikuwa mwanahistoria Isidore Ndaywel, waliwaita Wakristu watoke baada ya Misa ya Dominika tarehe 31 Desemba 2017, waandamane kwa amani wakishika Biblia, rozari na misalaba. Siku moja kabla, waziri wa simu aliziamuru kampuni zikate intaneti na ujumbe mfupi nchi nzima. Zikakata.

Kama waliotoa amri walidhani maandamano yatakufa, walisahau historia ya nchi yao. Tarehe 16 Februari 1992, siku ambazo simu ya mkononi ilikuwa ya matajiri wachache tu, Wakristu wa Kinshasa waliandamana kwa maelfu kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, na wengi wakauawa. Nani aliwaita? Tangazo la baada ya Misa, jumuiya za mtaani, barua ya mkono kwa mkono. Vivyo hivyo mwaka 2017 Misa ilikuwapo, na tangazo lilikuwapo. Watumishi wa altare walitangulia mbele na kanzu zao, na baadhi yao wakakamatwa wakiwa wamezivaa. Moshi wa kutoa machozi ulitupwa hata ndani ya makanisa, na watu wakauawa kwa risasi. Wenye simu walipiga picha, lakini hawakuweza kuzituma. Intaneti ilirudi baada ya mambo kwisha.

Wakaandamana tena tarehe 21 Januari 2018, na intaneti ikakatwa tena. Siku hiyo Thérèse Kapangala, msichana wa miaka 24 aliyetaka kuwa mtawa, aliuawa kwa risasi katika parokia ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, Kintambo. Tarehe 25 Februari, intaneti ikiwa imekatwa mara nyingine, Rossy Mukendi aliuawa kwenye parokia ya Mtakatifu Benedikto, Lemba. Kukata simu hakukuzuia damu. Kulizuia tu isionekane upesi.

Uchaguzi ulifanyika hatimaye tarehe 30 Desemba 2018. Beni na Butembo waliambiwa wangoje mpaka Machi, kwa sababu ya Ebola na vita. Watu wa Beni wakapanga mstari, wakapiga kura yao wenyewe kuonyesha kwamba wanaweza. Kesho yake intaneti ilikatwa nchi nzima, ikakaa gizani karibu siku 20. Maaskofu walikuwa wametuma watazamaji wapata 40,000 katika vituo, na tarehe 3 Januari 2019 walisema kwamba wanamjua aliyeshinda, bila kumtaja. Mshauri mmoja wa Rais alieleza kwamba intaneti ilikatwa kwa sababu matokeo ya uongo yanatangazwa.

Hoja hiyo tusiitupe ovyo. Sisi watu wa Kivu twajua neno linavyoweza kuua. Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita watu kwenye mauaji, upande wa pili wa mpaka wetu. Lakini uvumi hauhitaji mega. Siku zile 20 uvumi ulitembea Kinshasa na Goma kama kawaida; kilichokosa njia ni jibu la kuukanusha. Intaneti ilirudi usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Januari, saa zile zile Korti ya Katiba ilipokuwa inamthibitisha Félix Tshisekedi.

Na kampuni, je? Hizo zinaweza kusema: tulitii sheria. Ni kweli. Lakini Septemba 2020 Serikali ilipoanzisha malipo ya kuandikisha simu, yaliyoitwa RAM, yapata dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti na dola 1 kwa simu ndogo, yalikatwa moja kwa moja kwenye fedha ambazo mteja alikuwa ameziweka simuni mwake. Mama wa Kalengera aliamka asubuhi akakuta salio lake limepungua, wala hakuulizwa. Watu walipiga kelele kwa mwaka mzima na zaidi, hata mwanzoni mwa 2022 malipo yale yakafutwa.

Wako pia wakubwa wasiohitaji leseni ya Kinshasa wala ya Kampala. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, kampuni ya Facebook ya Marekani ilifunga kurasa ilizosema zinaendeshwa kwa hila na watu wa Serikali. Rais Museveni akajibu kwa kuifunga Facebook yenyewe, kisha intaneti yote kwa siku kadhaa. Mfanya biashara wa Bunagana aliyewaandikia wateja wake upande wa Uganda hakuwa na ugomvi na mmoja wala na mwingine.

Rutshuru iliingia mikononi mwa M23 Oktoba 2022, Goma mwishoni mwa Januari 2025. Na siku zile zile Goma ilipoanguka, X na TikTok zilizuiwa katika Kongo. Sheria ya 2002 haipo tena; nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya tarehe 25 Novemba 2020. Ni ndefu zaidi, na ina maneno mengi mazuri juu ya haki za mteja. Nayo pia inaiachia Serikali uwezo wa kusimamisha simu.