Zweig, Stefanie

Mwandishi wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi (1932–2014), aliyekulia Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alizaliwa Leobschütz, Silesia ya Juu. Mwaka 1938 familia yake iliwakimbia Wanazi ikaingia Kenya, ambako baba yake, aliyekuwa wakili, alifanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Walirudi Ujerumani mwaka 1947 wakakaa Frankfurt, mji alikozaliwa Anne Frank, msichana Myahudi aliyeacha shajara ya miaka ya vita.

Tofauti na Anne, Zweig hakuacha shajara. Utoto wake aliusimulia akiwa mtu mzima, katika riwaya *Nirgendwo in Afrika* (1995), ambamo yeye mwenyewe anaitwa Regina. Kwa hiyo isisomwe kama kumbukumbu ya siku kwa siku. Hata hivyo, mambo madogo yana uzito mkubwa: baba anaagiza jokofu, mama anafika na gauni jipya la sherehe, hajaelewa bado wamekimbia nini. Vita vinapoanza, Waingereza wanawazuia wakimbizi hawa kama raia wa nchi adui, ilhali jamaa zao waliobaki Ulaya wanauawa.

Sehemu yenye uhai zaidi ni urafiki wa Regina na Owuor, mpishi Mjaluo. Mtoto anajifunza Kiswahili upesi kuliko wazazi wake, na Kenya inakuwa kwao. Lakini Owuor tunamwona kwa macho ya binti wa mwajiri wake tu, na msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulihoji hilo. Filamu ya Caroline Link iliyotokana na riwaya hii (2001) ilipata Oscar mwaka 2003.